Sura ya Sita: Majuma Matatu

Butembo, uvimbe wa shingo huwa na majibu mengi kabla daktari hajaugusa. Mzee atasema ni rovu, na ana sababu ya kusema hivyo. Milima ya Kivu inajulikana tangu zamani kwa upungufu wa iodini, na kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilichunguzwa na wanasayansi kuanzia miaka ya 1960 kwa kuwa rovu lilikuwa limeenea mno kati ya wakazi wake. Jirani atasema ni jino. Shangazi atasema kilimi kimeshuka, kikatwe. Na mgonjwa akianza kukonda, chakula kikakataa kupita kooni, hakosekani wa kunong'ona kuhusu karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa katika Kivu. Hapo safari hubadilika njia. Hospitali inasahaulika, anatafutwa mtu wa kumtapisha mgonjwa, na familia iliyopaswa kuuliza huu ni ugonjwa gani inaanza kuulizana ni nani aliyemlisha.

Siyadharau majibu hayo. Rovu lipo kweli, na jino lililooza huvimbisha taya. Wasiwasi wangu ni kwamba kila jibu hula muda wake: juma kwa mkata kilimi, mwezi kwa mtapishaji, mwezi mwingine kwa vidonge vya duka la dawa. Saratani ya kichwa na shingo hukua katika muda huohuo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu haujifichi ndani ya tumbo. Mara nyingi uko mahali ambapo mama wa nyumbani anaweza kuuona kwa tochi ya simu, au kuusikia katika sauti ya mumewe anapoomba maji.

Madaktari wanapotaja saratani ya kichwa na shingo hawamaanishi ile ya ubongo. Wanamaanisha midomo, ulimi, fizi, kaakaa na mashavu kwa ndani, tezi za mate, pua na mapango ya mifupa ya uso, koromeo, na zoloto, kisanduku cha sauti. Nyingi huanzia kwenye ngozi nyororo na yenye unyevu inayofunika sehemu hizo kwa ndani. Seli zake huharibika, huacha kutii mpango wa mwili, na huzaana bila kikomo. Baadaye husafiri hadi kwenye tezi za shingo, ndiyo maana mara nyingi uvimbe wa shingo ni habari ya pili, na ya kwanza ilikuwa kidonda kidogo mdomoni au kooni ambacho hakikuuma. Kwa makadirio ya mwaka 2018, watu wapatao 890,000 duniani waligunduliwa na saratani hizi, na karibu 450,000 walikufa kwazo.

Tumbaku ndiyo inayoongoza kati ya visababishi, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ugoro. Pombe inaifuata. Vikikutana katika mtu mmoja, hatari yake huzidi sana jumla ya hatari ya kila kimoja. Kwa hiyo mwanaume anayekunywa lotoko kila jioni huku akivuta sigara anajiongezea hatari kwa namna ambayo mnywaji tu au mvutaji tu haifikii. Kuna pia virusi vya papiloma, vile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo huweza kuanzisha saratani ya tonsili na shina la ulimi. Na kuna saratani ya nyuma kabisa ya pua, inayohusiana na virusi vya Epstein-Barr. Hii daktari Peter Clifford aliichunguza sana Nairobi katika miaka ya 1960, kwa sababu iliwapata hata vijana ambao hawakuwa walevi wala wavutaji. Nayasema haya ili mgonjwa asihukumiwe. Binti wa miaka ishirini anayetokwa damu puani hana dhambi ya kuungama.

Madaktari wa nchi nyingi wamekubaliana juu ya kipimo rahisi: majuma matatu. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma matatu kitazamwe. Sauti iliyokwaruza kwa majuma matatu itazamwe. Vivyo hivyo uvimbe wa shingo usiopungua, doa jeupe au jekundu lisilofutika ulimini, jino linalolegea bila sababu, na chakula kinachokwama. Mimi ningeongeza kwamba upande mmoja unatia shaka kuliko pande mbili. Mafua huziba pua yote. Saratani huanza kuziba tundu moja, kutoa damu tundu moja, kuumiza sikio moja ambalo daktari akilichungulia analikuta zima. Na usingoje maumivu. Mwanzoni ugonjwa huu mara nyingi hauumi, na kutouma huko ndiko kunakotuponza.

Muuguzi wa kituo cha afya hahitaji mashine ili aanze. Anahitaji mwanga, glavu na dakika tano: anyanyue ulimi, apitishe kidole chini yake na kwenye mashavu, apapase shingo pande zote mbili. Akitoa amoksisilini mara moja, sawa. Akiitoa mara ya pili kwa kidonda kilekile kisichobadilika, ampeleke mgonjwa hospitali kuu ya zoni yake siku hiyohiyo. Saratani ya zoloto ikikamatwa ingali juu ya nyuzi za sauti, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi hupona. Ikifika hospitali baada ya mgonjwa kuanza kukoroma mchana kwa kukosa pumzi, hesabu hiyo huporomoka.

Kuna uvimbe mmoja wa taya ambao hauwezi kungojewa hata hayo majuma matatu, na ni upande huu wa Afrika uliowafundisha madaktari wa dunia kuutambua. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Kwa gari kuukuu walizunguka kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimewaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalichora ramani. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto na mvua, na ulitoweka kadiri ardhi ilivyopanda kupita mita 1,500 hivi. Mwaka 1964, London, vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda kwa ndege ndivyo vilivyowaonyesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr. Malaria ya mara kwa mara, ikikutana na virusi hivyo katika mwili wa mtoto, ndiyo inayofungua mlango.

Iweke ramani hiyo juu ya nchi yetu. Butembo imekaa juu ya mstari ule wa mita 1,500. Baridi yake ya asubuhi inatosha kueleza. Beni iko chini ya mstari, na bonde la Semliki liko chini zaidi. Lakini watu wetu hawakai walipozaliwa. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yalipoanza kuitikisa Beni, familia zimekimbia kutoka Eringeti, Oicha na Mangina, zikapanda hadi Butembo na watoto wao migongoni. Kwa hiyo daktari wa Butembo asidanganywe na mwinuko wa mji wake. Mtoto anayelegea meno kabla ya wakati, taya likivimba au jicho likitokeza nje, anaweza kuwa amebeba uvimbe wa Burkitt kutoka bondeni. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kumng'oa meno ni kumpotezea wiki ambayo hana. Na huyu ndiye mgonjwa mwenye tumaini kubwa kuliko wote wa sura hii, kwa sababu uvimbe unaokua haraka hivyo huyeyuka haraka kwa dawa. Katika miaka ya 1960 walikuwapo watoto wa Uganda waliopona kwa dozi chache tu za saiklofosfamidi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 pale Mulago, ilizaliwa kutokana na matibabu ya watoto hao.

Mtu mzima njia yake ni ndefu. Kwanza hukatwa kipande kidogo cha uvimbe, kikatiwa ndani ya fomalini na kupelekwa kwa mpatholojia, yule anayezisoma seli kwa hadubini. Bila karatasi ya mpatholojia hakuna mtu anayejua anatibu nini, na familia ikimwona daktari anataka kukata kabla ya kutibu isidhani anacheza na mwili wa ndugu yao. Wengi huogopa kwamba kuugusa uvimbe kwa wembe ni kuuchokoza. Ninaelewa hofu hiyo, lakini kinachoueneza ni miezi ya kukaa bila jina.

Baada ya hapo huja upasuaji, au mionzi, au mionzi pamoja na dawa za mshipani. Na hapa jiografia inaingia chumbani. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Butembo, na hakuna barabara ya kuifikia. Barabara ya kusini kwenda Goma, na kupitia huko Rwanda, ambako kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012 na mionzi ikaanza Kigali mwaka 2019, imekatwa na vita. Goma yenyewe imo mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari 2025. Inabaki njia ya mashariki: Beni, Kasindi, daraja la mpakani, Mpondwe, Kasese, Kampala. Ndiyo njia ya wafanyabiashara wa Butembo tangu zamani, na ndiyo njia ya wagonjwa wake.

Anayekwenda kupigwa mionzi na ajue anakwenda kukaa. Matibabu ya kawaida ya saratani ya koo ni vikao 35, siku tano kwa juma, majuma saba. Kikao chenyewe ni dakika chache. Siku iliyobaki ni ya kutafuta pa kulala, uji wa kupita kooni, na nauli ya kesho. Na majuma hayo hayakatiki katikati. Watafiti wa mionzi wamekadiria kwamba kila siku inayoongezeka juu ya ratiba hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kiasi cha asilimia 1 au zaidi. Mgonjwa anayerudi Butembo mazishini juma moja na kwenda tena anakuwa ameupa uvimbe nafasi ambayo pesa haiwezi kuinunua upya. Ndugu waliobaki nyumbani wanapaswa kulijua hili kabla hawajampigia simu ya msiba. Mashine nazo huwa na siku zao: mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi ya Uganda ilikufa, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda gari.

Yako mambo madogo yanayookoa majuma mazima. Beba karatasi ya mpatholojia pamoja na vioo na vipande vya nta vyenye sampuli, usije ukakatwa upya. Omba daktari wako akuandikie muhtasari kwa Kiingereza, maana faili la Kifaransa huko Kampala hukaa mezani likingoja mfasiri. Ng'oa meno mabovu kabla ya mionzi, si baada yake, na uache fizi zipone. Mfupa wa taya uliokwisha kupigwa mionzi hautibiki kirahisi ukijeruhiwa. Na ukisikia muuguzi akizungumza Kilukonzo, msalimie kwa Kinande. Mtaelewana, watu wa Kasese na wa Butembo ni ndugu waliotenganishwa na mpaka.

Sijataja bado anayeibeba safari yote hii: mwuguzaji, garde-malade. Mgonjwa wa malaria anaweza kulala hospitali peke yake. Mgonjwa wa koo hawezi. Mdomo wake unachubuka kwa mionzi, mate yanakauka, kila chakula kina ladha ya udongo, na baadhi hulishwa kwa mpira unaopita puani. Lazima awepo mtu wa kusaga, kuchuja, kupoza na kubembeleza: uji wa sosoma ulioongezwa maziwa na mafuta, avoka iliyopondwa, supu ya samaki iliyochujwa miiba. Mara nyingi mtu huyo ni mke au binti, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akiuza sokoni ili nyumba ile. Ugonjwa mmoja unazima mapato mawili. Familia inayokaa kikao cha kuchangia nauli ya mgonjwa bila kuuliza nani atalima shamba la mwuguzaji imefanya nusu ya hesabu, na naamini hii nusu nyingine ndiyo inayowarudisha watu nyumbani katika juma la tatu.

Tunavyo vyombo vya kuijaza. Likirimba ya wanawake wa sokoni tayari inajua kupeana zamu ya pesa. Inaweza kumpa mwanachama anayeuguza zamu yake mapema. Parokia na makanisa yana vikundi vya kutembelea wagonjwa. Lakini mfano mkubwa kuliko yote miji hii iliupata kwa gharama ya kutisha. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, Ebola iliwapata watu 3,470 katika nchi hii, wengi wao hapa kwetu, na 2,287 walikufa. Watu waliogopa hospitali. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi Februari 2019. Miongoni mwa waliorudisha imani ni wale waliopona, tuliowaita vainqueurs, washindi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kuingia wasipoweza wengine: kumshika mkono mgonjwa, kumbeba mtoto mchanga aliyetenganishwa na mama yake, kusimama mbele ya mtaa na kusema nimeingia pale na nimetoka.

Saratani haiambukizi, na wala mtu haihitaji kinga ili aketi kando ya mgonjwa. Inahitajika sauti ileile ya aliyetangulia. Aliyepigwa mionzi Kampala anajua hosteli ipi ni nafuu, anajua juma la nne ndilo la kukata tamaa na kwamba kinywa huanza kupona baadaye, anajua kilichotokea alipojitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza baada ya kukatwa taya. Daktari hana maarifa hayo. Kikundi cha wagonjwa hakihitaji jengo. Watu watano waliopitia njia hiyo, muuguzi mmoja anayewaamini, chumba cha parokia mara moja kwa mwezi na namba za simu walizokubali wenyewe kuzitoa: hapo kimeanza. Hospitali ya Matanda, Kitatumba, Katwa, kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hospitali kuu ya Beni, ile ya Oicha, kila moja inaweza kumuuliza mgonjwa anayepona swali moja: je, uko tayari kuzungumza na atakayefuata?

Kikundi hicho kingewafaa hasa waliotolewa zoloto. Mtu huyo anapumua kupitia tundu lililo chini ya shingo, na sauti yake ya zamani haipo tena. Anaweza kujifunza kusema kwa hewa anayoimeza na kuirudisha, au kwa vali ndogo, au kwa kifaa kinachotetema kikigusishwa shingoni. Lakini kujifunza kunataka mwalimu, na mwalimu bora ni aliyekwisha kujifunza. Vumbi jekundu la Butembo wakati wa kiangazi huingia moja kwa moja mapafuni mwake, kwa hiyo kitambaa safi chenye unyevu juu ya tundu ni sehemu ya mavazi yake. Akizimia, apewe pumzi shingoni, siyo mdomoni. Na kuna hatari isiyoandikwa katika vitabu vya Ulaya: bariere ya usiku, askari anauliza nani wewe, na mtu hana sauti ya kujibu. Kila mgonjwa wa namna hiyo katika Beni na Butembo angepaswa kuvaa kadi yenye picha na mhuri wa hospitali, inayosema kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwamba mtu huyu hawezi kusema na anapumua kupitia shingo. Gharama yake ni karatasi na plastiki.

Wapo watakaofika wamechelewa, hata tukifanya yote. Kidonda kimetokeza nje ya shavu, kinanuka, na harufu hiyo ndiyo inayomfukuza mtu katika benchi la kanisa na katika chumba cha watoto wake kabla kifo hakijafika. Kwa harufu kuna tiba ya bei ndogo: kidonda huoshwa kwa maji safi ya chumvi, kisha hunyunyiziwa unga wa metronidazoli iliyopondwa, dawa iliyomo katika kila kituo cha afya. Ndani ya siku chache ndugu wanaweza kurudi kuketi karibu.

Kwa maumivu kuna mofini ya kunywa. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, aliitengeneza kwa unga na maji, ikatiwa rangi ili nguvu ya kila chupa ijulikane hata kwa asiyesoma, kijani kwa ile hafifu. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Haimfanyi mtu mwenye maumivu ya saratani kuwa mraibu, wala haiharakishi kifo ikitolewa kwa kipimo. Tangu mwaka 2004, sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba ya kupunguza mateso kuiandika wenyewe, kwa sababu madaktari hawatoshi kufika vijijini. Kongo hutumia mofini kidogo mno kulinganisha na idadi ya wagonjwa wake. Na tofauti hiyo iko ng'ambo tu ya mpaka: kutoka Kasindi hadi Mpondwe mtu huvuka kwa miguu. Wabunge wanaotoka Beni, Butembo na Lubero wanaweza kuibeba hoja hiyo hadi Kinshasa: mofini ya kunywa katika kila hospitali kuu ya zoni ya afya, na ruhusa kwa muuguzi aliyefunzwa kuitoa.